Sebagabo Ezira, Fundi wa Springi za Nyuma

Wapendwa mliokuja kumsindikiza mzee wetu, familia inawasomea maisha ya Sebagabo Ezira, aliyezaliwa Minembwe, Kivu ya Kusini, tarehe 12 Machi 1958, akasoma shule ya misioni hadi 1972, akajifunza ufundi wa magari Uvira, na tarehe 9 Agosti 1980 akafunga ndoa na Mukandoli, wakajaliwa Yonatani na Benitha.

Vita vilimtoa kwao mwaka 1998, akahangaika na familia hadi alipopokelewa Uganda, katika kituo cha wakimbizi cha Kabazana, tarehe 3 Mei 2001, akapewa kiwanja katika kambi ya Nakivale, akapata kazi katika gereji moja ya Nyamityobora, Mbarara, akitengeneza springi za magari ya mizigo.

Novemba 2006 aliongeza jani la springi, kile kipande cha chuma kinachobeba uzito, kwenye gari lililokuwa limekaa nyuma, yaani limeshuka upande wa nyuma, mwenye gari akadhani sasa linaweza kubeba chochote, akalijaza kupita kiasi, springi ikakatika mteremkoni, na Grégoire, abiria aliyekuwa juu ya magunia, akafariki. Hakuna aliyemlaumu Ezira, lakini tangu siku hiyo kila gari lililotoka mikononi mwake lilimnyima raha, akawa anaingia chini yake mara tatu, akipima kwa kijiti nafasi kati ya ekseli na bodi.

Tarehe 17 Aprili 2010, mvua ikinyesha, dereva Constantin alipita kambini akielekea hospitali ya Mbarara na pikapu iliyojaa maharage, na ndani yake Mariette, aliyekuwa na uchungu wa kuzaa. Ezira aliona nyuma imeshuka karibu na matairi, mbele imekuwa nyepesi, usukani haushiki tope, akasimama njiani.

"Mushushe mizigo yote, hii gari haitafika."

"Fundi, huyu mama atazalia fasi hii!"

"Mushushe. Siwezi kuzika mwingine."

Mizigo iliposhushwa, alikuta jani kuu limepasuka, akalifunga pamoja na jani la gari bovu, akiwa amelala chini ya gari, Mariette akilia juu yake, kisha akapanda nyuma na kusikiliza vyuma hivyo hadi Mbarara, ambako mtoto Gradi alizaliwa salama jioni hiyo.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2014, akalazwa Mbarara, akafariki tarehe 6 Juni 2015. Usiku wa kuamkia siku hiyo alisikia lori likipita nje, akauliza, "Imekaa nyuma?" Yonatani, ambaye hakuwa ameangalia, akamjibu, "Hapana papa, iko sawa," naye akafumba macho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Nakivale, na mafundi wenzake wa Nyamityobora. Mzee Ezira, lala sasa bila wasiwasi, Mungu akupe amani yake.