Jina la Pili Tuliloogopa Kuliandika: Wasifu wa Marehemu Insaf Habib Ghattas, Mama Rafat

Marehemu Insaf Habib Ghattas, tuliyezoea kumwita Mama Rafat, alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 katika kijiji cha Deir al-Barsha, ng'ambo ya Nile ukitokea Mallawi. Alikuwa mtoto wa nne wa mkata mawe Habib Ghattas na mkewe Shafiqa. Tunayaandika haya na juzi tu alikuwa akitugombeza kwa kuacha mlango wazi. Mtusamehe maneno yakikaa vibaya.

Alisoma shule ya kanisa kijijini hadi darasa la nne, mwaka 1965, akatolewa ili amsaidie mama yake. Kusoma alijua, kuandika kidogo, na kwa hesabu hakuna aliyemshinda.

Tangu 1971 hadi macho yalipomchoka mwaka 2018, alishona sare za shule sokoni Mallawi. Kila sare aliiachia pindo nene chini. Mama mmoja alimlalamikia, "Mama Rafat, kitambaa chote umekimalizia kwenye pindo!" Akamjibu, "Mwanao atarefuka, mumeo hatatajirika. Lipa uende." Yule mama alicheka akalipa. Leo yupo hapa, amekaa upande wa wanawake.

Tarehe 20 Oktoba 1974 alifunga ndoa na Shawqi Bishay Mikhail, mfanyakazi wa reli katika stesheni ya Mallawi. Mungu aliwapa Rafat, Mervat na Magdi.

Februari 2023 daktari mmoja wa Minya alituambia kwamba Babu Shawqi ana ugonjwa wa kusahau, na kwamba hautapona, utazidi. Marehemu aliuliza swali moja tu: "Atanisahau mimi kwanza, au treni zake?"

Ijumaa iliyofuata alichinja bata kama sikukuu, akawaita wanawe wapange namna ya kumtunza Babu. Magdi alisikiliza kwa simu kutoka Kuwait. Rafat akapewa kazi ya dawa, Magdi akapewa kodi na umeme, Mervat awe anakuja kila Ijumaa, siku ya mapumziko, ili mama yake aende kanisani. Dhahabu ya marehemu isiguswe mpaka siku Babu atakaposhindwa kutoka kitandani, hapo iuzwe aajiriwe mlezi. Na marehemu apewe uwakala wa kupokea pensheni na kusaini benki, upesi, Babu akiwa bado anajua anachokisaini.

Kwenye ofisi ya kusajili uwakala, karani alimuuliza, "Mama, tuandike na jina la pili? Likitokea la kutokea, huyo ashike."

Rafat alimrukia. "Funga mdomo! Unamchuria mama yangu mbele yangu?"

Kwetu neno kama hilo halisemwi. Karani aliomba radhi. Marehemu alicheka mpaka akajifuta macho: "Mwache kijana wa watu. Mimi nitawazika hawa wote, nirudi nyumbani nikaange biringanya." Babu akasaini. Pa jina la pili pakabaki patupu, na tulirudi nyumbani tumefurahi.

Tangu hapo marehemu alimshonea Babu jina na namba ya simu ndani ya kila koti. Babu alipoamka akisema treni inamsubiri, hakubishana naye. Alivaa viatu, akamsindikiza hadi stesheni, wakanywa chai, wakarudi.

Hapa huandikwa ugonjwa wa marehemu. Marehemu hakuugua. Jumamosi, tarehe 8 Novemba 2025, asubuhi, alikanda unga, akauweka juani uumuke, akaketi kwenye benchi la mlangoni. Mervat alipopita alimkuta Babu amemshika mkono.

"Usipige kelele, amelala," Babu akasema. "Amechoshwa na yule mgonjwa."

Mgonjwa alikuwa yeye.

Daktari alisema ni moyo. Bado hatuamini. Kila tulipopanga jambo tulimalizia, "Mama yupo."

Jana jioni wakili jirani yetu, Bwana Nagi, alikuja kutoa pole. Akatueleza taratibu kwamba uwakala ule umekufa na aliyepewa, na Babu hawezi tena kusaini mwingine. Ni mpaka mahakama imteue msimamizi, na huko kuna foleni. Rafat aliinamisha kichwa. "Ni mimi niliyemnyamazisha yule karani."

"Sote tulinyamaza, kaka. Inuka," Mervat akamwambia. "Baba analala wapi leo?"

Hilo hatukuwa tumelipanga.

"Kwangu," Rafat akasema.

"Kwako ghorofa ya nne! Atashuka kwa kamba? Nahamia hapa mimi. Mume wangu anajua kukaanga mayai, hatakufa."

Neno hilo lilipomtoka, tukatazamana. Hakuna aliyemkemea. Rafat alimwomba Bwana Nagi apeleke mahakamani jina la Mervat, na chini yake, kama jina la pili, lake mwenyewe.

Tunawaomba: mtakapompa mkono Babu Shawqi, mtajieni kwanza majina yenu. Akiwauliza aliyefariki ni nani, mwacheni Mervat amjibu. Ndivyo tulivyokubaliana.

Marehemu ameacha mume, Shawqi. Watoto, Rafat, Mervat na Magdi, ambaye yuko njiani. Wajukuu saba, na dada yake Awatif.

Bwana ampe pumziko. Katika mipango yetu yote, hilo hatukumpangia.