Bi. Mwanaisha na Lori la Mikoko

Juni 30, 2008, Bi. Mwanaisha Nalinga, mpishi mkuu wa chuo chetu, anastaafu baada ya miaka ishirini na minne ya utumishi. Alianza mwaka 1984 akiosha vyombo. Kufikia 1993 funguo za jiko zilikuwa kiunoni mwake, na aliyeonja mboga bila ruhusa alikiona cha moto.

Mwaka 1998 alirudi kutoka likizo kwao Mahurunga akiwa mnyonge. Mikoko iliyokuwa ikizuia maji ya bahari kule mtoni ilikuwa imekatwa, maji ya chumvi yameingia mashambani, na mpunga wa dada yake Farida umekauka wote. Siku ya kwanza kazini akakuta lori linashusha kuni jikoni: magogo ya mikoko.

Alikataa kuyawasha. Bwana Mathayo, msimamizi wa huduma, akamkumbusha kwamba wanafunzi mia nne wanasubiri chakula.

"Baba, siwezi kupika ubwabwa kwa kuni zilizoua mpunga wa dada yangu," alijibu.

Kuni za akiba zilitosha uji tu. Wanafunzi waligonga sahani, naye akapewa barua ya onyo. Nakumbuka aliisoma mara mbili, akafuta macho kwa kanga, kisha akasimama mbele yao bwaloni kuwaeleza aliyoyaona. Kelele zikaisha. Kesho yake wawakilishi wao walimwendea mkuu wa chuo wakiomba lori lile lisirudi.

Mkuu akakubali, na Bi. Mwanaisha mwenyewe akazunguka vijijini kutafuta wakulima wa korosho waliokuwa wakichoma bure matawi waliyopogoa. Hizo ndizo kuni zetu hadi leo, ingawa wakati wa mvua hututoa machozi na chakula huchelewa. Mwalimu Agnes wa baiolojia naye akaanza kuwapeleka wanafunzi Mahurunga kupanda mikoko. Miche ya mwaka wa kwanza ilisombwa yote. Ya mwaka wa pili ikashika. Mwaka 2005 Farida alivuna tena, na barua ya onyo ikafutwa mbele yetu sote. Aliyeomba ifutwe ni Bwana Mathayo.

Tulipopandishwa hadhi kuwa chuo kikuu mwaka 2006, sharti la kwanza la zabuni zetu likawa mzabuni aeleze bidhaa imetoka wapi na imemgusa nani.

Asante, Bi. Mwanaisha. Nenda nyumbani kwako Magomeni ukapumzike, ule ukiwa umekaa, chakula kikiwa bado cha moto. Umetupikia vya kutosha. Sasa na wewe upikiwe.

Raheli Mkude, mtunza stoo