Izabayo Védastine, Aliyetafuta Vivuli vya Nyumba

Ndugu, majirani na nyote mliofika hapa Kamembe: huyu tunayemsindikiza alizaliwa Bukavu, mtaa wa Kadutu, tarehe 14 Agosti 1979, kabla ya siku zake kutimia. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Niyonshuti, fundi cherehani, na Maman Laurence. Maman husema yule mtoto alichoka kusubiri.

Shule ya msingi alisoma Kadutu. Familia iliporudi Rwanda mwaka 1996, aliendelea na sekondari hapa Kamembe. Kinyarwanda chake wakati huo kilikuwa cha kuungaunga, na darasani walimcheka. Alijifunza kwa hasira, na haukupita muda akawa yeye ndiye anayewasahihisha waliomcheka. Mwaka 2005 alihitimu jiografia chuo kikuu huko Huye.

Tangu 2006 alifundisha somo hilo sekondari hapa mjini. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona amekaa kwenye kiti cha mwalimu. Ubao ulikuwa mdogo kwake. Akitaka kufundisha mito, darasa zima lilitoka nje na kurudi na matope hadi magotini, na wazazi walilalamika sana.

Tarehe 12 Julai 2008 alifunga ndoa na Sibomana Dominique, fundi wa kuchomelea vyuma. Sherehe ikiendelea, bibi arusi aliinuka meza kuu na gauni lake, akaenda kuwaonyesha vijana namna ya kufunga turubai, maana aliona mvua inakuja. Mvua haikuja. Dominique amemtania kwa hilo hadi mwaka huu.

Mvua za Aprili 2025 zilipobomoa nyumba Gitambi na Nzahaha, Védastine alijiunga na watu wanaojitolea, wengi wao wa nchi za mbali, kuchunguza picha za setilaiti. Unaweka picha ya kabla ya mafuriko na ya baada, unaangalia nyumba moja moja. Iliyobomoka unaipaka nyekundu, iliyo nzima kijani. Waliogawa mahema walifuata ramani hiyo. Alifurahi, kwa sababu sehemu kubwa ya Nzahaha ilikuwa kijani.

Furaha hiyo haikudumu. Mukandori, mama wa Nzahaha aliyekuwa amejihifadhi shuleni na wajukuu wake, aliambiwa arudi kwake, kwamba ramani inaonyesha nyumba yake ni nzima. Habari zilipomfikia Védastine, alipanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda kuona. Mukandori alimpokea kwa heshima zote.

“Karibu, mwalimu. Banasema nyumba yangu iko muzima. Ingia basi.”

Mlango haukuwepo. Kuta za rukarakara, yale matofali ya udongo usiochomwa, zilikuwa zimeyeyuka majini, na paa la bati likashuka taratibu na kukaa chini, limenyooka vizuri kabisa. Kutoka angani, ni nyumba. Védastine alilia mbele ya wajukuu wa watu.

“Ni mimi nilipaka ile rangi, Maman.”

“Basi paka ingine,” Mukandori alimjibu. “Na ya bajirani pia. Siko peke yangu.”

Kuanzia hapo hakutulia. Alirudi kwenye picha na kuona kilichompita: nyumba iliyosimama hutupa kivuli kwenye jua la asubuhi, lakini paa lililokaa chini halina kivuli. Aliwaandikia wenzake wote, wakapitia upya kila paa la kijani, na kila walipokuwa na shaka alikwenda mwenyewe kuangalia. Mukandori na majirani zake wakapata mahema.

Moyo wake ulikuwa mgonjwa tangu 2021, na sasa miguu ilianza kuvimba. Daktari alimkataza safari. Siku moja Dominique alitoka uani akamkuta tayari yuko nyuma ya dereva wa moto.

“Védastine, docteur alisema nini?”

“Alisema nikae. Si niko nakaa?”

Tulicheka sote. Leo kicheko kile kinatuuma.

Alilazwa tarehe 2 Juni, na tarehe 9 Juni 2025 asubuhi akaaga dunia, binti yake Ikirezi akiwa amemshika mkono. Hakuacha maneno makubwa. Aliuliza kama mawingu ya Gitambi yameshatoka kwenye picha.

Hayajatoka. Upande wa chini wa Gitambi ulifunikwa na mawingu kwenye kila picha iliyopigwa, na hakuna anayejua paa lipi limesimama na lipi limekaa chini. Wenye nyumba hizo mpaka leo hawajapewa hema.

Ameacha mume wake, Dominique; watoto wake, Ikirezi na Niyomugabo; mama yake, Maman Laurence; mdogo wake Vénuste, anayewasomea maneno haya; wanafunzi ambao hawahesabiki; na Mukandori, aliyekuja kutoka Nzahaha akaomba jina lake liandikwe pamoja na majina ya ndugu.

Tukishanawa mikono baada ya mazishi, kama ilivyo desturi, wazee watakaa na kupata kinywaji. Wenye nguvu tunawaomba wasikae. Moto ziko barabarani zinasubiri, na anayezijua njia za chini Gitambi apande na Vénuste, tukaziangalie nyumba hizo kwa macho.

Védastine apumzike. Sisi bado.