Jante la Mwalimu Kalala

Mgeni rasmi, Baba Padri, mjumbe wa Askofu wetu,

KARIBU

Tunakusalimu kwa jina la Yesu. Karibu Kolwezi, karibu shuleni kwetu. Utusamehe kwamba hatukukupokea kwa ngoma wala vigelegele. Siku hizi kelele yoyote inawatoa watu nyumbani mbio. Mlango pia tumeufunga, si kwa kukosa heshima. Tata Mwamba, mzazi mwenzetu, amesimama nje akiangalia njia. Akikohoa tutaanza kuimba zaburi, na wewe uimbe pamoja nasi.

TULIKOTOKA

Shule hii ilijengwa na wafanyakazi wa mgodi. Wengine walikuwa watu wa hapa Katanga, wengine babu zao waliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba. Wakati wa kubeba matofali hakuna aliyeuliza mwenzake kabila. Kengele hatukuwa nayo, basi fundi mmoja akatundika jante la lori, ile ringi ya chuma ya gurudumu, kwenye nguzo, na Mwalimu Kalala, ambaye babu zake pia walitoka Kasai, akawa analipiga kwa chuma kila asubuhi. Ndiyo sababu watu wanatuita Shule ya Jante. Mgodi ulipoporomoka na king'ora cha kazi kikanyamaza, mtaa mzima ukawa unaamka kwa jante lake.

TULIYOYAFANYA

Mgeni rasmi, desturi ni kutaja madarasa na madawati. Madawati mengi yamekuwa kuni. Tunataja jambo moja tu: masomo hayakufa. Choki zilipokwisha, Mwalimu Kalala aliandika ubaoni kwa muhogo mkavu. Siku moja aligeuka kutafuta kipande chake, akamkuta Fifi, mtoto wa Mama Mianda, mdomo mweupe.

"Fifi, choki yangu iko wapi?"

"Mwalimu, nilikula tu *a* na *e*. Zingine nilikuachia."

Darasa lilicheka, na yeye alicheka. Kisha akatoka nje, akasimama uso ukutani mpaka macho yakakauka. Alimwambia mke wake, Mama Mwadi, kwamba siku ile aliona aibu kusali "utupe leo mkate wetu" mbele ya watoto wale, lakini alisali, kwa sababu hakuwa na kingine cha kuwapa. Tangu hapo alikuja na vipande viwili. Kimoja cha kuandikia, kingine alikuwa "anakisahau" juu ya dawati la mtoto mmoja au mwingine.

MATATIZO

Vijana walipoanza kupita nyumba kwa nyumba wakiwaambia watu wa Kasai waende kwao, sisi akina mama tulipatana: atakayewaona wa kwanza apige chuma chochote. Kosa letu ni hili. Mwalimu hatukumwambia. Kila mmoja alidhani mwenzake amekwisha kumwambia.

Basi Jumatatu ile Mwalimu Kalala aliamka, akaona watoto wamekaa sana na hofu bila masomo. Alisema moyoni mwake kwamba kazi ya mtu ni sala yake pia, akavaa koti lake, akapiga jante kwa nguvu.

Hakuna mtoto aliyekuja na daftari. Walikuja na wazazi wao, mbio, na vifurushi, na nyungu, na kuku chini ya kwapa. Wengine walikimbia moja kwa moja mpaka gare, kwenye kituo cha treni, na nyumba walizoziacha wazi ziliporwa zikawa tupu kabla ya jioni.

"Mwalimu, beko wapi?" Mama Mianda aliuliza, akiwatafuta vijana kwa macho, pumzi zimemwishia.

"Banani?"

"Bale benye kuya kutuua!"

"Mama, ni mi tu. Ni saa ya hesabu."

Mama Mianda alikaa juu ya kifurushi chake, akacheka, kisha akalia. "Hesabu! We Mwalimu, utatuua kabla ya bale!"

Aliwafundisha hivyo hivyo, vifurushi juu ya meza. Lakini tangu siku ile hajaligusa jante. Anapita mlango kwa mlango akigonga kwa kidole. Alituambia, "Ninaogopa hata mukono yangu."

Mama Mwadi na watoto wao wamekwisha kwenda gare, wanalala pale wakingoja treni ya Mwene-Ditu, kule Kasai. Yeye alibaki, alisema atawafuata. Lakini njia ya gare inapita kwenye kizuizi cha vijana, na mkubwa wao ni Nkulu, ambaye alijifunza kusoma katika chumba hiki. Nkulu alimwona barabarani, akavua kofia, akasema kwa heshima, "Jambo, Mwalimu. Bado hauyaenda?" Matusi ya wengine Mwalimu aliyazoea. Ile "jambo" ndiyo inayomnyima usingizi.

MAOMBI

Tulitaka kuomba bati, choki na dawa. Tumeyaacha. Ombi ni moja.

Treni imefika. Itaondoka leo. Mwalimu amekaa nyuma kabisa, mwenye koti la kahawia; tafadhali usimtazame sana. Tunaomba utembee naye mpaka gare, na kanzu yako nyeupe, kwa miguu, mchana huu, mpaka ashike mkono wa Mama Mwadi. Gari hapana, gari linachomwa.

Watoto wa shule watamzunguka njiani. Sisi wazazi tulikataa, kisha tukaogopa zaidi kukataa, tukakubali. Tumewaambia kwamba leo wakisikia jante waje mikono mitupu, ni safari ya kumsindikiza Mwalimu. Desturi yetu ni mgeni rasmi kupiga jante mwisho wa sherehe. Chuma kipo pale mlangoni.

Ukikubali, ulipige. Lakini kama huwezi, Baba, hatutakuhukumu, maana na sisi tunatetemeka. Tunakusihi tu upite pembeni usilishike kabisa. Likilia, watoto watakuja, na hatutajua la kuwaambia.

Mungu atangulie mbele yenu mpaka gare, na abaki pia na sisi tunaobaki.

Ni sisi, wazazi wa Shule ya Jante, wenyeji na wanaoitwa wageni.