Mwalimu Virginia na Ngoma Aliyoikataa

Wasikilizaji wapendwa, ni mimi Janice Jeptoo, na leo nimeingia studio nikiwa na uchungu na hasira pamoja. Mwalimu Virginia Nduta ametuacha. Narudia kwa wewe uliyefungua redio sasa hivi: Mwalimu Virginia Nduta, aliyefundisha muziki na sanaa hapa Eldoret kwa miaka thelathini na mmoja, alifariki Jumapili. Atazikwa kesho, Jumamosi, nyumbani kwao Soy. Alikuwa na miaka hamsini na saba.

Kwa kawaida tukikumbuka mtu hapa tunasema alikuwa mpole, alipendwa na wote. Wacha niseme ukweli. Virginia hakupendwa na wote. Mimi mwenyewe sikumpenda hata kidogo kwa mwaka mzima, na leo nitawaambia kwa nini.

Alizaliwa Soy. Baba yake, Mzee Kiarie, alitoka Murang'a akiwa kijana akafungua duka pale sokoni. Shuleni kwao somo la muziki lilikuwepo, lakini ala haikuwepo hata moja. Mwalimu alikuwa anachora piano ubaoni kwa chaki, kisha anawaita watoto mmoja mmoja waje kubonyeza. Jameni, kubonyeza chaki! Mumewe, Mzee Munene, fundi wa kushona nguo hapa Huruma, ameniambia jambo hilo lilimkaa rohoni maisha yake yote. "Alikuwa akisema, Munene, mimi nilipata tisini kwa mia kwa chombo ambacho sijawahi kukigusa. Halafu anasonya."

Alipokuwa mwalimu akaweka sheria moja. Moja tu, wasikilizaji. Hupigi ala ambayo hukuitengeneza mwenyewe. Ukitaka ngoma, ngozi utaikwangua wewe. Ukitaka chombo cha nyuzi, mbao utakata wewe, na waya wa breki ya baiskeli utautafuta wewe. Shule ilimpa chumba kimoja pale mwisho, karibu na tangi la maji. Chumba hicho kilinuka ngozi ya mbuzi na gundi kutoka Januari hadi Novemba, na watoto walikipenda hivyo hivyo.

Sasa nifike kwangu. Miaka mitatu iliyopita binti yangu Diana alikuwa Gredi ya Sita. Akaja nyumbani akaniambia, "Mum, tumeambiwa tutengeneze ngoma." Wazazi wenzangu, mnajua tunachofanya tukiambiwa hivyo. Msijifanye! Nilienda moja kwa moja kwa Oketch, fundi wa jua kali pale Huruma, nikamwambia anitengenezee ngoma safi. Oketch alinionya. Aliniambia, "Mama Diana, huyu mwalimu atajua. Hii ngozi nimeikaza mimi, na mkono wangu anaujua." Nikamwambia afanye kazi yake.

Ngoma ikatoka, inang'aa. Diana akaipeleka. Jioni akarudi nayo, na karatasi imebandikwa juu, mwandiko wa Virginia, kama alama za ripoti ya shule: "Mama: amezidisha matarajio. Diana: hajaanza."

Ebo! Nilipandwa na mori. Kesho yake nikakaa kwenye kiti hiki hiki, nikawasha maikrofoni hii hii, nikamchana mwalimu huyo dakika kumi na tano. Sikumtaja jina, lakini nani Eldoret hakujua? Nilisema anawatesa watoto. Nilisema anawapotezea wakati wa mitihani. Wazazi wakapiga simu kutoka Moi's Bridge mpaka Huruma, wote wananiunga mkono, na mimi nikajiona shujaa.

Wiki hiyo hiyo shule ikamnyang'anya chumba. Kikawa chumba cha kudurusu mitihani. Ngoma za watoto zikatolewa nje, zikanyeshewa. Nasema wazi, bila kuzungushazungusha maneno: ni mimi niliyefunga chumba kile. Si mwalimu mkuu peke yake. Mimi, kwa mdomo wangu.

Virginia hakulia kwa mtu. Alikwenda kwa Oketch akamwomba kona ya banda lake kila Jumamosi. Oketch akampa. Watoto sita wakamfuata, halafu kumi na tano, halafu banda likajaa mpaka Oketch akaanza kufanyia kazi zake barabarani. "Nilimwambia, Mwalimu, watakufuta kazi," Oketch aliniambia juzi. "Akanijibu, wacha wanifute, niko na mikono miwili."

Mimi sikujua kwamba Diana alikuwa mmoja wao. Nilidhani yuko kwa masomo ya kanisa. Siku moja naingia bafuni nakuta beseni langu la nguo, ndani yake ngozi ya mbuzi imelowekwa, inanuka ajabu. Kabla sijapiga kelele nikaona vidole vya mtoto wangu. Vimechubuka vyote. Nikamuuliza ni nani amemuumiza. Akaniambia, "Hakuna mtu, Mum. Ni yangu. Naitengeneza."

Jumamosi iliyofuata nilimfuata mpaka kwa Oketch, nimejaa maneno. Nikasimama nje nikasikiliza. Diana alipiga ngoma yake. Ilikuwa na mlio mbovu, wa kukoroma. Virginia akamuuliza, "Kwa nini inalia hivi?" Diana akapitisha kidole pembeni ya ngozi, akasema, "Ilikauka upande huu kwanza. Niliianika vibaya." Virginia akamwambia, "Haya, fungua, loweka, rudia." Na mtoto wangu, ambaye nyumbani hata kitanda hatandiki bila kusukumwa, akafungua kamba zote akaanza upya. Bila kununa.

Nilimwendea Virginia nikamwomba msamaha mbele ya watoto wote. Nilikuwa nalia. Unajua aliniambia nini? Alinipa kipande cha chupa na ngozi mbichi. "Mama Diana, samahani yako haitakwangua hii ngozi. Kaa hapo." Nilikwangua saa mbili nzima, kucha zangu zikaisha. Tangu siku hiyo nilimpenda yule mama, na sikuacha.

Tulirudi shuleni wazazi ishirini na tatu. Tulikataa kuondoka ofisini hadi chumba kirudishwe, na mwaka jana kikarudishwa. Virginia mwenyewe ndiye aliyeosha sakafu.

Halafu kisukari kikamzidi. Na sasa sikilizeni hili. Jumatano, marehemu akiwa bado mochari, shule ilimtuma mtu kwa Mzee Munene. Pole kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine anadai ufunguo wa kile chumba. Ati Jumatatu kinageuzwa tena kiwe cha kudurusu. Hata kaburi halijachimbwa! Mzee Munene alimjibu hivi: "Waambie ufunguo uko mfukoni, na suruali nimeivaa."

Leo asubuhi nimepigiwa simu hapa na wakubwa wa redio. Nimeambiwa nitaje mema ya marehemu, niachane na mambo ya shule. Nimekataa. Mambo ya shule ndiyo mema ya marehemu. Mkinifuta, Oketch bado ana banda.

Kwako Mzee Munene, kwa mwanao Muchiri, kwa Esther, dada ya marehemu, na jamaa wote wa Soy, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Sisi wa redio hii tutakuwa nanyi kesho, na Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni mwa kile chumba. Mzazi uliyepiga simu siku ile ukanishangilia, nakungoja wewe hasa.

Na leo ukifika nyumbani, muulize mtoto wako ametengeneza nini kwa mikono yake tangu mwaka uanze. Kama ni wewe ulitengeneza, au ulinunua kama mimi, jiulize ulikuwa unamsaidia nani.

Nitafunga kwa sauti iliyorekodiwa ndani ya chumba kile mwezi uliopita, Virginia akiwa amekaa kwenye kiti kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Ni watoto wake, na ala zao. Katikati kuna ngoma moja inapotea kabisa, inaingia kabla ya wenzake, mnasikia kicheko cha mwalimu, halafu wanarudia kutoka mwanzo. Fundi mitambo wangu ameniuliza kama akate mahali pale.

Nimemwambia asikate chochote. Weka.