Aliyezima Pampu za Wodini

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mtengenezaji wa programu za mashine za hospitali, mama wa mabinti wawili, aliyefariki Alhamisi kwa maradhi ya moyo. Wenzake walimwita Amalize Kwanza. Mumewe anasema mtu akidakia maneno mezani, mama alimzuia: "Mwache amalize kwanza, usije ukaondoka na nusu ya habari."

Kazi yake ilikuwa pampu. Pampu ndogo, inayosukuma dawa mshipani tone kwa tone. Ndani yake programu mbili hutumia namba moja, ile ya kasi ya dawa. Moja huiandika, tuiite mwandishi. Nyingine huisoma, tuiite msomaji.

Asubuhi moja karakanani, pampu hizo zinakotengenezwa, pampu ya majaribio, iliyojazwa maji tu, ilimwaga yote kwa mkupuo. Ikawashwa tena, ikaenda vizuri. Wenzake wakasema haina neno. Lakini pampu kama hiyo zilikuwa tayari wodini, mishipani mwa wagonjwa. Akapiga simu hospitali, akawaomba wauguzi wazizime, wawape wagonjwa dawa kwa mkono. Hakuomba ruhusa ya mtu.

Meneja wa karakana alikasirika. Akamtoa kwenye kazi hiyo, eti ameichafulia karakana jina bila ushahidi. Siku hiyo alikwenda kwa dada yake, akaketi na mkoba begani, chai ikapoa. Dada anasimulia: "Nikamuuliza, je, ukikuta umekosea? Akasema, 'Nitaomba radhi, dada. Maiti haombwi radhi.'"

Hakukosea. Ingawa alikuwa ametolewa kwenye kazi hiyo, aliendelea kupekua programu zile mpaka akaliona kosa. Msomaji alisoma namba, akaikagua, akaona ni salama. Kisha akarudi kuisoma tena ili asukume dawa. Hapo katikati, muuguzi akibonyeza vitufe, mwandishi alikuwa ameshaibadilisha. Iliyokaguliwa siyo iliyotumika. Tiba yake ilikuwa fupi: mwandishi amalize kuandika, msomaji asome mara moja, achukue nakala, aikague nakala hiyo, atumie hiyo hiyo.

Meneja aliusoma ushahidi huo mwenyewe. Kisha wakafuatana wodini, wakazirekebisha pampu zote. Muuguzi mkuu anakumbuka kuwa meneja ndiye aliyekuwa akizibeba.

Kwa mumewe, kwa mabinti, kwa dada yake: poleni sana, tuko pamoja nanyi. Nasi tuliobaki, tutafakari. Siku ile hakuwa na hakika. Alikuwa na shaka tu, na namba ya simu ya wodi. Akapiga.