Martha Nathanaeli wa Issuna, Aliyemfuata Kaka Yake kwa Pikipiki

Ndugu, majirani, na ninyi mliotoka Misigiri na Utemini, huyu tunayemsindikiza leo ni Bibi Martha Nathanaeli Alute. Alizaliwa hapa Issuna tarehe 14 Aprili 1935, baba yake, marehemu Mzee Nathanaeli, akiwa shambani kwenye uwele. Mama yake, Mama Rahabu, tuko naye hapa. Yeye husema mtoto huyu alitoka tumboni amekunja ngumi, na mkunga akatabiri kwamba hatakubali kuambiwa hapana. Alikuwa wa pili na wa mwisho. Aliyemtangulia, kwa miaka sita, alikuwa kaka yake Samweli.

Mwaka 1944 Martha alianza shule ya misheni. Mzee Nathanaeli hakuona sababu ya binti kusoma wakati ng'ombe hawana mchungaji. Samweli ndiye aliyemshika mkono mdogo wake, akamfikisha kwa mwalimu na kusema, "Mwandike huyu. Ng'ombe nitachunga mimi." Tangu siku hiyo yeye mwenyewe hakurudi darasani. Martha alipofaulu kwenda shule ya kati, mwaka 1949, ukame ulikuwa umepukutisha zizi. Samweli akajiandikisha manamba, akapanda lori pamoja na vijana wengine kwenda kukata mkonge upande wa Korogwe, ili msichana asikatishwe masomo. Barua zake zilikuja kwa miaka michache, kisha zikakoma. Kila aliyerudi kutoka mkonge aliulizwa habari zake na Mama Rahabu, na kila mmoja alitikisa kichwa.

Martha alimaliza shule, akajifunza uuguzi na ukunga katika hospitali ya misheni kuanzia 1953 hadi 1956, na Januari 1957 akapangiwa zahanati ya Misigiri, Iramba. Kinyiramba, lugha ya huko, alikijua upesi, kwa kuwa alikuwa hachoki kukosea na kuchekwa. Huko alikutana na Sista Klara, muuguzi wa Kizungu aliyekuwa na pikipiki kubwa ya Kiingereza. Sista Klara alimfundisha kuiendesha kwenye uwanja nyuma ya zahanati. Mara ya kwanza aliiangusha juu ya uzio wa miiba. Akainuka, akachomoa miiba, akauliza, "Klachi niliiachia mapema, siyo?" Sista Klara aliporudi kwao mwaka 1962, Martha aliinunua pikipiki ile kwa akiba yake yote.

Siyo wote waliofurahi. Mzee wa kanisa mmoja, marehemu Mzee Zefania, alimsimamisha njiani, Martha akiwa amevaa suruali ndani ya gauni lake la kazi.

"Binti, mwanamke anapanda chuma kama mwanamume?"

"Shikamoo baba. Mkwe wako ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Nishuke nitembee kwa adabu, au nifike?"

Mzee Zefania akatoka njiani. Mtoto aliyezaliwa siku hiyo yuko hapa leo na mama yake.

Mwaka 1964 mtu mmoja wa Issuna alirudi kutoka mkonge na habari ambayo hakutaka kumwambia Mama Rahabu. Alimwambia Martha peke yake. Katika shamba moja ng'ambo ya Korogwe yupo mlinzi wa ghala mwenye mkono mmoja, Mnyaturu kwa lafudhi yake, lakini ukimsalimia kwa Kinyaturu anageuka na kuondoka. Wenzake humwita Singida tu. Martha hakuuliza la pili. Julai alichukua likizo, akafunga madebe mawili ya petroli nyuma ya pikipiki, akapita Manyoni, Dodoma, Morogoro na Chalinze, safari ya karibu maili mia tano, nyingi zikiwa za vumbi. Akaingia kambi moja ya manamba baada ya nyingine akiuliza.

Alimkuta Samweli amekaa mlangoni pa ghala. Samweli aliona mtu wa kofia ngumu, miwani ya vumbi na suruali akishuka kwenye pikipiki, akadhani ni mkaguzi. Akasimama wima.

"Shikamoo, bwana."

Martha akavua kofia, akavua miwani. "Wa kutoa shikamoo ni mimi. Shikamoo kaka."

Samweli alimwangalia kwa muda mrefu. Alikuwa amemwacha msichana wa miaka kumi na minne. Kisha akajaribu kulificha bega la kushoto, lile ambalo mashine ya kuchakata mkonge ilikuwa imebakiza kipande kifupi tu cha mkono chini yake.

Walizungumza hadi jua likazama. Martha alimwambia baba amefariki, mama yupo, anamngoja. Samweli alilia, lakini kuondoka alikataa.

"Nauli ya treni ipo," Martha alisema.

"Treni ya Itigi imejaa watu wa kwetu wanaorudi na masanduku na mablanketi. Wengine wanarudi mikono mitupu, na hao wanachekwa. Mimi hata mkono wenyewe sina."

"Basi panda nyuma yangu. Hakuna atakayekuona ila mimi."

Samweli akaitazama pikipiki. Nyuma ya tandiko la dereva palikuwa na karia ya kufungia mizigo, basi. "Nitashika nini, Martha? Njia yote hiyo, mkono mmoja, nitashika nini?"

Martha alirudi Singida peke yake, na njia nzima alikuwa akiwaza kuhusu kiti.

Alifika moja kwa moja Utemini, pale Singida mjini, kwa fundi wa kuchomea vyuma, Bwana Ezekieli Alphonce. Alimweleza anachotaka. Kiti cha nyuma chenye egemeo, chuma cha kushika upande wa kulia, ukingo wa kumzuia mtu asidondoke upande wa kushoto, na mkanda wa ngozi wa kumfunga kiunoni. Ezekieli akaizunguka pikipiki ile.

"Huyo kaka yako amekubali kuja?"

"Hajakubali."

"Sasa tunamtengenezea kiti mtu ambaye hajakubali?"

"Tengeneza kiti kwanza. Kukubali kutafuata."

Ezekieli alikata mabomba ya kitanda kizee, akarefusha fremu ya nyuma, akachomea. Alinyanyua madigadi ya mbele ili tope la mbugani lisijae na kuzuia gurudumu. Alibadilisha sproketi ya nyuma, ile gia ya mnyororo, akaweka yenye meno mengi zaidi, ili iweze kuvuta watu wawili mlimani ingawa mwendo ungepungua. Pembeni akaning'iniza visanduku viwili vya mbao vilivyokuwa vya dawa. Ukingo wa kwanza haukumridhisha Martha. Alijifunga mkono wake wa kushoto kwa kanga mgongoni, akakaa nyuma, akamwambia Ezekieli aendeshe kwenye mashimo ya njia ya sokoni. Alianguka. "Ukingo uongezwe," alisema, akijipangusa. Ukaongezwa. Akajaribu tena, hakuanguka.

Aliomba ruhusa ya pili kazini akanyimwa. Akaomba tena. Mara ya tatu msimamizi wa zahanati alimwambia aende tu, asije akaipanda hiyo pikipiki hadi ofisini kwake. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza alipofika tena Korogwe, Desemba. Samweli alimkuta amesimama mlangoni pa ghala, amepakaa tope hadi nyusi, na nyuma yake pikipiki yenye kiti.

"Kalia," Martha alisema.

Samweli alikalia. Akashika kile chuma. Akaegemea ukingo wa kushoto, ukamshika. Akajifunga mkanda, akaufungua, akajifunga tena. Kisha akasema, "Ngoja nikachukue blanketi langu."

Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kwenda. Mvua iliwapata baada ya Dodoma, na karibu na Kintinku njia ilikuwa imegeuka tope jeusi. Samweli alishuka akasukuma kwa bega, gurudumu likamrushia tope mwili mzima. Martha alipogeuka alimwona anacheka, kicheko alichokuwa amekisahau tangu utoto. Walipoanza kupanda mlima wa Kilimatinde injini ikaanza kukoroma.

"Nishuke?" Samweli aliuliza.

"Kaa. Hiyo sproketi iliwekwa kwa ajili ya mlima huu."

Wakapanda polepole, watembea kwa miguu wakiwapita na kuwapa pole, hadi wakafika juu.

Waliingia Issuna Jumatatu, tarehe 21 Desemba 1964. Mama Rahabu alikuwa uani anapepeta uwele. Watu walikimbilia pikipiki, wakaacha nafasi alipokaribia. Hakupiga kelele. Alimfungua mwanawe ule mkanda yeye mwenyewe, akakishika kile kipande cha mkono kabla ya kumshika usoni, akauliza, "Umekula?" Samweli akatikisa kichwa. Mama Rahabu akamwambia Martha, "Na wewe umesimama nini? Washa moto."

Samweli amekaa Issuna tangu hapo. Alioa, na mizinga ya nyuki ya kijiji leo iko chini ya usimamizi wake.

Pikipiki ilirudi Utemini kukazwa nati. Wiki iliyofuata ilirudi tena, na iliyofuata tena. Bwana Ezekieli alimwambia, "Martha, pikipiki hii haina ugonjwa. Mwenye ugonjwa ndiye aseme." Martha akamjibu, "Basi sema wewe." Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Novemba 1966. Bibi harusi ndiye aliyeendesha kutoka kanisani, bwana harusi akiwa nyuma na suti yake. Watu walipomcheka, Ezekieli alisema, "Kiti nimekitengeneza mwenyewe, acheni nione kama kinakalika." Mungu aliwajalia watoto wawili, Felista, mwaka 1968, na Alute, mwaka 1971.

Martha alihamia Singida mjini, akatumwa kliniki za mama na mtoto za vijijini. Likizo zake hakuzimalizia nyumbani. "Tumeambiwa nchi hii ni yetu," alikuwa akimwambia mumewe, "mimi nitaamini nikiiona." Kabla watoto hawajazaliwa, na baadaye wakiwa wameachwa kwa bibi yao, wawili hao walifika Mwanza na Bukoba, Sumbawanga, Songea, hadi Mtwara. Walilala misheni, mashuleni, kwa watu wasiowajua. Songea walimaliza juma zima wakingoja mpira wa tairi, na Martha akalitumia juma hilo kuzalisha wajawazito. Huko Sumbawanga walimpa jogoo. Alimfikisha Singida akiwa hai ndani ya kisanduku cha pembeni, na Ezekieli anasema aliwika tangu Tabora.

Watu walipohamia vijiji vya ujamaa, mwaka 1974, wajawazito hawakusubiri nyumba ziezekwe. Martha alizunguka vijiji vipya hata petroli ilipoadimika, akisukuma pale ilipoisha. Kiongozi mmoja alisimama mkutanoni akasema mali kubwa kama ile haifai kuwa ya mtu binafsi, iwe ya kijiji. Martha akanyoosha mkono. "Naafiki," alisema. "Kijiji kinipe na mtu wa kuipanda mvua ikinyesha na mama akipata uchungu. Nani anajitolea?" Mkutano ukaendelea na ajenda ya visima. Wengi walicheka, ila yeye hakuwa akitania. Mwaka uliofuata aliwafundisha wauguzi wawili kuiendesha, Bibi Febronia na Bibi Theresia, ambao wamefika hapa leo kwa pikipiki.

Mnamo Juni 1977 Martha alianza kuumwa tumbo. Alitibiwa Singida, kisha Dodoma, ambako alifanyiwa upasuaji mwezi Septemba. Aliwaambia madaktari wasimfiche neno, kwa kuwa kazi yao anaijua. Walimwambia uvimbe umesambaa. Akauliza amebakiwa na nguvu za kazi kwa muda gani, akarudi akafanya kazi hadi Machi 1978. Mwezi Mei aliomba kuletwa Issuna, kwa mama yake. Hakupenda kulishwa. Alikuwa akishika kijiko mwenyewe hata mkono ukitetemeka, na uji ukimwagika alikuwa akimcheka Ezekieli, kwa kuwa ndiye aliyekuwa wa kufua shuka.

Siku za mwisho Mama Rahabu alikaa kando ya kitanda chake. Jumapili jioni uzito ulimzidi mama yule, akasema, "Martha, ulinirudishia mtoto mmoja, na sasa unanichukulia wa pili."

Martha alikuwa amefumba macho. Akayafumbua.

"Mama," alisema, "kaka ulikaa miaka zaidi ya kumi hujui aliko. Mimi utakuwa unajua niko wapi. Ukitoka tu mlangoni unaniona."

Kesho yake asubuhi, Jumatatu, tarehe 9 Oktoba 1978, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu. Kaburi lake, kama alivyoagiza, limechimbwa hapa uani, mbele ya mlango wa mama yake.

Bibi Martha ameacha mume, Bwana Ezekieli Alphonce, watoto, Felista na Alute, mama mzazi, Mama Rahabu, kaka yake, Bwana Samweli, pamoja na shemeji na watoto wa kaka, wauguzi wenzake, na watoto aliowapokea mikononi mwake kutoka Misigiri hadi Issuna, ambao wengi wao leo wamekuja kwa miguu yao.

Mungu ampokee Martha, ampe pumziko lenye amani. Amina.